Nani Analisha Buloko, Nani Analisha Mzee?



Kuna neno linalotembea siku hizi makambini na kwenye kivuko. Watu husema hivi: "Mwizi akifungwa, serikali humpa nyumba, chakula na askari wa kumlinda. Baba mzee aliyefanya kazi miaka thelathini hapewi kitu. Basi na wabadilishane! Mzee aingie buloko, ale bure. Mwizi apelekwe katika nyumba ya mzee, alale chini ya majani yanayovuja." Wasemao hucheka, lakini kicheko chao kina uchungu. Hata Uingereza na Marekani, nchi zenye mali nyingi, neno hili husemwa, kwa kuwa huko kweli mfungwa hulishwa kwa fedha za kodi, na mzee aliye katika nyumba ya wazee mara nyingi hulipa kwa akiba yake mwenyewe mpaka iishe.

Huko Japani jambo limekwenda mbali zaidi. Wako wazee, hasa wanawake wasio na watu, ambao huiba chakula dukani ili wafungwe, kwa sababu gerezani kuna wali, kitanda na mtu wa kusema naye. Karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliomo katika magereza ya nchi ile amepita miaka 65. Nchi ina treni zinazokwenda mbio kama upepo, na mama mzee anatafuta kifungo ili apate kula! Hilo ni jambo la kutufikirisha.

Lakini sisi hatutaki kuazima maneno ya watu na kuyavaa bila kuyapima. Kwetu neno hili ni kweli nusu, na nusu yake si kweli. Ni kweli kwamba mzee wetu ameachwa. Si kweli kwamba mfungwa wetu anashibishwa na serikali. Tukiishika ile nusu isiyo kweli, tutamkasirikia mtu ambaye si mdeni wetu, na mdeni mwenyewe atapita kando akitabasamu.

Tuangalie buloko kwanza. Gereza linalojulikana kuliko yote katika nchi yetu ni lile la Makala, mjini Kinshasa. Wabelgiji walilijenga mwaka 1957, miaka mitatu kabla ya uhuru, liwe la watu 1,500. Mwaka 2024 lilikuwa na watu zaidi ya 12,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba mwaka ule wafungwa walijaribu kutoka. Serikali yenyewe ilitangaza kwamba watu 129 walikufa, wengine kwa risasi, walio wengi kwa kukanyagana na kukosa pumzi. Na mwanzoni mwa mwaka 2020, katika gereza hilohilo, wafungwa walikufa kwa kukosa chakula na dawa. Hiyo ni Kinshasa, karibu na mlango wa wakubwa. Sasa pimeni wenyewe hali ya magereza ya majimbo, yaliyo mbali na macho yao.

Katika majimbo chakula cha serikali huja kidogo, au huchelewa, au hakiji kabisa. Basi nani anayelisha buloko? Kila mtu wa Kindu anajua jibu, ila hatulisemi kwa sauti. Anayelisha buloko ni mama. Ni yule mama aliyekwisha pita miaka sitini, ambaye alitumaini kwamba wakati huu mwanawe ndiye atakayemlisha yeye. Akiwa anakaa Alunguli na kijana amefungwa mjini, kwanza alipe mtumbwi wa kuvuka mto, kisha atembee na sufuria kichwani: wali kidogo, sombe, pengine kipande cha samaki. Mlangoni kuna mkono unaongoja. Ndani, sufuria haimfikii mwanawe yote, kwa kuwa wenye njaa ni wengi na sufuria ni moja. Kisha arudi mtoni, alipe mtumbwi tena. Keshokutwa aanze upya.

Sisi ni makarani, kazi yetu ni hesabu. Twaandika upande huu faranga iliyoingia, upande huu faranga iliyotoka. Basi tunasema kwamba katika vitabu vya serikali gharama ya mfungwa huonekana ndogo, kwa sababu sehemu kubwa ya gharama hiyo haikuandikwa mle. Iko katika shamba la mama ambalo halikulimwa siku ile. Iko katika kitenge alichouza. Iko katika dawa ya presha aliyoacha kununua. Serikali ikimkamata kijana mmoja, imewatoza kodi wazee wawili. Ndiyo sababu tunakataa kusema kwamba mfungwa anamnyang'anya mzee chakula. Mzee na mfungwa wanakula katika sufuria moja, na sufuria yenyewe ni ya mzee.

Sasa tuulize: hao waliomo ndani ni watu gani? Tungesema kwamba wote ni majambazi waliohukumiwa, pengine tungenyamaza. Lakini sivyo. Katika magereza ya Kongo walio wengi sana hawajahukumiwa. Watetezi wa haki na wakubwa wa sheria wenyewe wamelisema jambo hili mwaka baada ya mwaka. Watu hawa wanangoja tu. Jaji hajawaambia una kosa, wala hajawaambia huna. Wako waliokamatwa kwa ugomvi wa pombe, kwa kuku, kwa deni ambalo mwenye nguvu aliligeuza likawa kosa, kwa shimo la madini ambalo watu wawili wanalidai na mmoja wao anamjua mkubwa wa polisi.

Na sheria inasemaje? Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 17, inasema uhuru wa mtu ndio desturi, na kufungwa ni jambo la pekee. Kifungu cha 18 kinasema mtu asishikwe na polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria. Tena kinasema kila mfungwa atunzwe kwa namna inayolinda uhai wake, afya yake na heshima yake. Sheria ya mashtaka ya tarehe 6 Agosti 1959, iliyoandikwa na Wabelgiji na ambayo nchi yetu imeendelea kuitumia, inasema amri ya kumweka mtu ndani kabla ya hukumu ni ya siku 15, kisha huongezwa mwezi mmoja mmoja kwa amri ya jaji. Mkoloni aliandika siku kumi na tano. Sisi tuliopata uhuru tumeziacha siku hizo ziwe miaka!

Wazee wetu wanakumbuka vizuri buloko ilikuwa chombo cha nani. Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akakaa kifungoni miaka thelathini, akafia Elisabethville mwaka 1951 hali amezeeka, mbali na kijiji chake. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake alikuwa karani wa kampuni ya madini hapa Maniema, alifungwa mwishoni mwa mwaka 1959, akatolewa Januari 1960 ili aende katika mkutano wa Brussels. Watu wa namna ile hawakuteswa ili Mkongo akabidhiwe funguo za nyumba ileile na kuongeza watu ndani yake.

Sasa tumtazame mzee. Kifungu cha 49 cha Katiba hiyohiyo kinasema mtu mzee na mtu mwenye ulemavu wana haki ya kulindwa kwa njia za pekee, kwa kadiri ya mahitaji yao ya mwili na ya akili. Ni maneno mazuri. Lakini Kalima, Punia, Kailo na Pangi, mzee hali maandishi.

Wengi wenu ni wana na wajukuu wa watu wa SOMINKI. Mwaka 1976 kampuni kadhaa za zamani za bati na dhahabu ziliunganishwa zikapata jina hilo. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka katika masoko ya dunia, na kazi ikalegea. Mwaka 1997 SOMINKI ikavunjwa, SAKIMA ikaundwa, na mwaka uliofuata vita vikaja. Maelfu ya wafanyakazi walibaki na makaratasi mikononi, wakidai dekonti ya mwisho, yaani hesabu ya mwisho ya jasho lao. Wako waliokufa wakiingoja. Katanga nako waliona yao. Mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, ambao uliitwa kuondoka kwa hiari. Walipokea fedha mara moja. Kwa wengi fedha hizo ziliisha kwa matibabu na karo za watoto, na baada ya hapo hakukuwa na mshahara wala posho.

Na yule mwenye kazi ya maandishi leo, je, yeye amepona? Sanduku la pensheni liliundwa kwa sheria ya tarehe 29 Juni 1961, mwaka mmoja tu baada ya uhuru, kwa jina la INSS. Tangu mwaka 2018 limeitwa CNSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka miaka 60 kuwa umri wa kupumzika. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwa mfanyakazi, na mwajiri huongeza asilimia 5 yake. Lakini sisi tunaoandika vitabu vya mshahara tunajua jambo ambalo mchimbaji halijui siku zote: kukatwa si kupelekwa. Fedha yaweza kukatwa katika karatasi na isifike katika sanduku. Na mtu ambaye jina lake halikupelekwa leo, baada ya miaka thelathini atakapokwenda dirishani ataambiwa kwamba hakufanya kazi popote.

Mchimbaji wa mikono, yule anayeshuka shimoni na nyundo na tochi, hana hata hiyo asilimia. Anauza kilo zake za bati mbichi, analipa huyu na yule njiani, wala hakuna faranga moja inayowekwa kwa jina lake. Mgongo wake ukivunjika akiwa na miaka arobaini na mitano, yeye ni mzee tayari, na hakuna daftari linalomjua.

Tena tuseme neno gumu. Mzee asiye na kitu na asiye na mtetezi ndiye anayeitwa mchawi. Katika mashariki ya Kongo mama wazee wamepigwa na kuuawa kwa neno hilo moja. Mara nyingi umaskini ndio unaotangulia, na uchawi unaletwa nyuma kuwa kisingizio.

Tunajua majibu tutakayopewa, nasi tunataka kuyajibu moja moja.

Wa kwanza watasema: "Kwetu Afrika mzee ni wa ukoo, si wa serikali. Nyumba za wazee ni desturi ya wazungu." Sisi hatudai kwamba wazee wetu watolewe mikononi mwa watoto wao. Lakini ukoo uliomlisha mzee ulikuwa na shamba, na ulikuwa na vijana nyumbani. Kampuni ilichukua vijana, vita vikachukua wengine, buloko ikachukua waliosalia. Ukimwondolea mtu nguzo za nyumba yake, usimwambie kwamba desturi itashikilia paa. Ukoo uendelee kumlea mzee, na serikali imwondolee ukoo mzigo ambao serikali yenyewe iliuweka.

Wa pili watasema: "Hakuna fedha." Tazameni majirani. Zanzibar, tangu Aprili 2016, ilianza kumpa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi kutoka katika mfuko wa serikali yake, bila kumwuliza alifanya kazi wapi. Kenya ilianza mwaka 2018 kuwapa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Uganda ilianza na wilaya chache, shilingi 25,000 kwa mwezi, kisha ikaenea nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi. Fedha hizo ni kidogo, na pengine huchelewa. Lakini mzee ameandikwa, na jina likishaandikwa mtu aweza kudai. Visiwa vya Zanzibar havina bati wala kobalti. Tukisema kwamba sisi ndio tusio na kitu, nani atatuamini?

Tena sheria ya madini ya tarehe 9 Machi 2018 imegawa ile kodi ambayo kampuni hulipa juu ya madini yanayouzwa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka ya mahali madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Vizazi vijavyo wamewekewa mfuko, na ni vema. Lakini kizazi kilichochimba, mfuko wake uko wapi?

Wa tatu watasema: "Mnatetea wezi." Hapana. Aliyemwingilia mtu usiku na bunduki afungwe, baada ya kuhukumiwa. Aliyembaka mtoto afungwe, na asinunue mlango wa kutokea. Lakini kumfunga mwizi wa kuku miaka miwili bila hukumu hakumrudishii mwenye kuku kuku wake. Kunamwongezea tu mama wa mwizi njaa. Kenya ilitunga sheria mwaka 1998, Uganda mwaka 2000, Tanzania mwaka 2002, kwamba mtu wa kosa dogo aweza kuhukumiwa kufanya kazi kwa faida ya watu wote, naye analala kwake na kula kwake. Fikirini kijana wa namna hiyo hapa kwetu: badala ya kuoza ukutani akingoja sufuria ya mama yake, aezeke nyumba ya mjane, achimbe choo cha dispensari, asafishe mfereji wa soko. Mwenye kosa analipa, na mzee anapata.

Basi tunadai mambo matano, na hayahitaji miujiza.

Kwanza, kila mwezi jaji na mtu wa parke waingie gerezani na daftari, waulize jina moja moja: huyu aliingia lini, kwa amri ya nani? Asiye na amri inayofuata sheria atoke siku hiyohiyo. Jambo hili halina gharama ila karatasi na viatu, na siku litakapofanyika wazee wengi wa mji huu watapumzika kubeba sufuria.

Pili, chakula cha mfungwa kilipwe na serikali iliyomfunga. Hesabu ya fedha iliyofika na mchele ulionunuliwa ibandikwe mlangoni, kila mtu asome.

Tatu, itungwe sheria kama ya majirani zetu, ili makosa madogo yalipwe kwa kazi ya faida kwa watu.

Nne, kila mwajiri, mkubwa na mdogo, abandike mahali pa kazi orodha ya majina aliyoyapeleka CNSS na fedha aliyolipa kwa kila jina. Na vyama vya wachimbaji wa mikono viwekewe njia ya kuacha kitu kidogo kwa kila mfuko wa madini unaouzwa, kwa jina la aliyeuchimba.

Tano, sheria inataka ile sehemu ya mahali ijenge vitu vya msingi kwa faida ya watu. Dispensari yenye kitanda na dawa kwa wazee ni kitu cha msingi. Burgumestri na wakuu wa sekta waseme mbele ya watu walipokea kiasi gani na walijenga nini.

Na sisi wenyewe tusikae kitako. Mchimbaji, siku ya mshahara usiangalie tu fedha uliyopewa, angalia na ile iliyokatwa, ukaulize imekwenda wapi. Usione haya kumwuliza karani. Karani mwaminifu atafurahi kuulizwa, na asiye mwaminifu ataanza kuogopa. Kila mtaa uandike majina ya wazee wake: nani anaishi peke yake, nani ana mtoto aliyefungwa bila hukumu, nani anadai hesabu ya mwisho na kwa kazi gani. Tunajua kufanya likelemba kwa ajili ya harusi na matanga. Tufanye na moja kwa ajili ya makaratasi, ili mzee akienda ofisini asiende peke yake, aende na majirani zake kumi na orodha iliyopigwa sahihi.

Ndugu zetu, mtu akikuambia tena kwamba mzee aingie buloko na mwizi apewe nyumba ya mzee, usimcheke wala usigombane naye. Mwulize tu: nani aliyepika chakula kilichoingia gerezani leo? Akilijibu hilo kwa haki, atajua deni liko kwa nani, na atakuja pamoja nasi kulidai.